Mafuta ya Goti la Kushoto

Goti liligoma kabla jua halijatoka. Akello alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mguu wa kulia tayari ndani ya gambuti, wa kushoto umenyooka mbele yake kama mguu wa mtu mwingine. Alijaribu kuukunja, ukakataa. Nje, wachumaji wenzake walikuwa wakiteremka shambani, wakikohoa kwenye ukungu.

Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya asubuhi. Alipasha mafuta, akalisugua goti.

Yalikuwa mafuta ya simsim yaliyochemshwa na kitunguu saumu na manjano. Alifundishwa na mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la viungo mjini Kericho, aliyemweleza kwamba katika Ayurveda, tiba ya wazee wao, goti linalokaza na kulia ni goti lililokaushwa na upepo, linataka joto na mafuta. Asugue jioni kwa kuzungusha taratibu, kisha afunge jani la mbarika lililopashwa motoni. Anywe maziwa yenye tangawizi. Na apumzike, asipande vilima. Akello alishukuru kwa yote, hilo la mwisho akaliacha palepale dukani.

Yalikuwa yamemsaidia. Maumivu hayakuondoka, ila yalijifunza kusubiri hadi jioni. Na kila asubuhi alinawa mikono kwa sabuni na jivu, maana mchumaji yeyote anajua jani la chai hudaka kila harufu inayoligusa. Mtu akijipaka manukato, harufu itasafiri naye hadi kiwandani na gunia zima litatupwa. Lakini leo maji ya ndoo yalikuwa baridi ya kuuma mifupa, na wenzake walishamwacha. Alijipangusa mikono kwenye aproni, akatoka.

Siku hizi alitembea kwa woga kila mahali. Majuzi Mama Ooko, jirani yake, alikwenda kliniki ya kampuni kuomba vidonge vya goti tu, wakasema hafai tena kazi ya shamba. Na asiyefaa shamba hafai nyumba ya kampuni. Akello ndiye aliyemsaidia kutoa godoro nje, mvua ikinyesha. Sasa mashine za kuchuma, zile zinazobebwa na watu wawili, zilikuwa zimefika, na kampuni ilitafuta wa kupunguza. Binti yake Beverly alikuwa kidato cha tatu katika shule ya hapo karibu. Wakitolewa kwenye chumba kile cha kampuni, wangeenda wapi? Kwao ziwani, shemeji walishagawana shamba la marehemu mumewe.

Alichuma vizuri asubuhi hiyo, majani mawili na kichipukizi, mawili na kichipukizi. Goti lilinyamaza. Alikuwa hata ameanza kucheka na Phyllis, rafiki yake wa mstari wa pili, walipofika kwenye banda la kupimia majani.

Kiptanui, nyapara wao, alitumbukiza mkono ndani ya kapu la Akello, akaleta majani puani. Akanusa tena.

“Hii inanuka kitu,” alisema.

Akello aliona vidole vyake mwenyewe, manjano kwenye kucha, akavificha chini ya aproni.

“Ni mimi, Bwana Kiptanui,” Phyllis akadakia. “Nilipika mandazi asubuhi, halafu nikamsaidia huyu kujaza kapu.”

“Mandazi ya kitunguu saumu?”

Mtu alicheka huko nyuma. Kiptanui hakucheka. Alimwambia Phyllis aweke kapu lake kando, naye angemwandikia onyo. Phyllis alikuwa na maonyo mengine tayari, na Akello alijua.

“Ni yangu,” Akello akasema. Sauti ilitoka ndogo. “Ni mafuta ya kujipaka. Kwa baridi.”

“Unapaka wapi?”

Akello akaivuta aproni chini, ikafunika goti.

Kiptanui alimtazama usoni, kisha macho yakashuka hadi kwenye gambuti. Hakuwa mtu mkatili. Wakati wa msiba wa mumewe alikuja na sukari. Alitazama kando, kuelekea ofisini, kabla ya kusema.

“Mama Beverly, mimi naulizwa kila siku nani ako na magoti. Chuchumaa chini, halafu usimame. Bila kushika kitu.”

Akello aliweka kapu chini. Akashuka polepole, macho yake yakiwa kwenye paa la mabati, na ndani ya goti kitu kikasaga kama kokoto. Pale chini aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Mguu haukuwa wake tena. Akamfikiria Beverly akitoka shule na kukuta godoro nje. Akasukuma. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile, meno yakabanana, lakini uso wake hakuuruhusu kusema lolote. Akasimama.

Phyllis akashusha pumzi.

“Sawa,” Kiptanui akasema, na ilionekana kama naye ameondolewa mzigo. “Majani haya yatamwagwa, na usirudie. Nilidhani wewe ni wa kupunguzwa. Kumbe uko imara.” Akaonyesha kilima cha juu, kule chai ilikopandwa mahali pa mwinuko mkali. “Wenye nguvu ndio tunapeleka kwa mashine. Kesho utabeba upande mmoja, Phyllis upande mwingine.”

“Asante, Bwana Kiptanui,” Akello akasema.

Wengine walianza kurudi shambani. Phyllis alimngoja, kisha akaelewa, akasimama mbele yake kumkinga. Akello aliinamisha kichwa, akajifanya anafunga kamba ya kapu tupu, akisubiri nyapara ageuke ndipo ajaribu hatua ya kwanza.