Sekunde Kumi na Nane za Véronique

Jumapili ile ya Februari 2025, siku chache baada ya vita kufika Bukavu, Kongo, Véronique alilia kanisani mbele ya watu wote, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Kwa siku nne alikuwa akimpigia mama yake aliyebaki Uvira, kusini ya Bukavu, na simu haikushika. Mchungaji alipoutaja mji ule katika maombi, Véronique akakaa sakafuni na kilio kikamtoka. Cyrille, mpiga picha wa kwaya, alikuwa anarekodi ibada kama kawaida. Akatoa kipande cha sekunde kumi na nane, akakiweka kwenye grupu la WhatsApp la kanisa na maneno mawili: "Tuombee Uvira."

Kufikia Jumatano wateja wake wa ushonaji walimjia wakiwa na nyuso za msibani. Nahayo, dada wa Kirundi aliyeshona naye katika kibanda kimoja, ndiye aliyemwonyesha simu. Video ilikuwa ileile, ila maneno ya Cyrille yalikuwa yameondolewa na juu yake pameandikwa kwa herufi nyekundu: MAMA WA UVIRA, WATOTO WAKE WAWILI WAMEUAWA. Watu laki sita walikuwa wameitazama.

"Batoto bangu iko ku masomo saa hii," Véronique alisema.

Cyrille alikuwa ameshaifuta ya kwake, lakini kila aliyeipokea alikuwa ameituma mbele. Kwa kuulizana, yeye na Véronique walifuata njia ya video, kutoka grupu la kanisa hadi kwa shangazi wa mtu Nairobi, kutoka huko hadi ukurasa mmoja wa habari za Kivu wenye wafuasi wengi. Mwenye ukurasa, Honoré, alikuwa fundi simu Area 47, Lilongwe.

Kupata kibali cha kutoka kambini kulimla Véronique siku tatu. Alipopanda minibasi ya kupitia Lumbadzi, video ilikuwa imepita milioni.

Honoré alimpa kiti dukani kwake. "Nikusaidie nini, mama? Chaja?"

"Mi njo ule mama wa video."

Honoré alimtazama, akatazama simu, akainamisha kichwa. "Pole sana kwa batoto."

"Batoto hawakufa. Haiko hata Uvira. Futa."

Honoré hakuwa mkali. Alieleza, kwa upole uliomchoma Véronique kuliko matusi, kwamba yeye aliipata imeshaandikwa hivyo, kwamba hata akiifuta iko kwenye kurasa nyingine mia. Ni afadhali aseme mwenyewe, wairekodi, halafu ile ya kwanza ataiondoa hii ikishashika. Véronique akasema jina lake, kanisa lake, majina ya watoto wake, Nicole na Cadeau. Honoré akaiweka ukurasani, naye Véronique akakaa dukani saa nzima. Walioitazama walikuwa arobaini na mmoja. Mmoja aliandika kwamba huyu amelipwa. Mwingine alisema mama wa kweli alikuwa mnene kidogo.

"Ngoja tu, itashika," Honoré alisema.

Véronique aliondoka bila kumuaga.

Jumatatu simu ililia, namba ya jirani wa mama yake. Sauti ya mama ilikuwa imekauka.

"Kwa nini hukuniambia weye mwenyewe? Nimeona ku simu ya bantu. Tumeshalia matanga siku tatu."

"Mama, batoto iko bazima."

"Usinifiche, mwanangu. Nilikuona unalia."

Véronique aliacha kitambaa chini ya sindano ya cherehani, akakimbia mpaka shuleni, akamtoa Nicole darasani, bibi yake bado yuko kwenye simu. Nicole akaishika.

"Koko, ni mi Nicole. Ile mbuzi yenye sikio moja iko?"

 Bibi akaanza kulia upya, na katikati ya kilio akasema yule mbuzi walishamla Krismasi, halafu akauliza, "Na Cadeau?" Mtandao ukakatika. Hawakumpata tena siku ile.

Walirudi kibandani pamoja. Mteja mmoja alikuwa anangoja na kitenge mkononi. Akamshika Véronique mikono yote miwili, akampa pole kwa watoto.

"Huyu njo mmoja wao," Véronique alisema, akimsogeza Nicole mbele.

Yule mama akamtazama mtoto, machozi yakamlenga. "Mungu asifiwe," alisema. "Umebakiwa na mmoja."