Kuonja Kwanza

Abiria hakumtazama hata usoni. Alinyoosha mkono kutoka dirishani, akapokea yai lililopasuliwa na kujazwa kachumbari, akalitia lote mdomoni kabla basi halijaondoka. Agripina alibaki chini na beseni lake, akimwangalia anavyotafuna. Mtu wa Arusha labda, au wa Moshi. Hamjui mpishi, hajui maji yamechotwa wapi, na bado anakula. Mji mzima wa Mombo unalisha watu namna hiyo, kwa mikono isiyoulizwa jina.

Mwanawe wa kumzaa hakubali kitu kutoka kwenye mikono hiyohiyo.

"Unamkodolea macho utadhani anakula bure," Mwaija, muuza mahindi, alimchokoza. "Kalipa huyo, dada."

"Namwangalia tu."

"Na Simeo, kala nini?"

"Mayai. Yenye maganda yake, amenye mwenyewe. Kingine hagusi."

Mwaija akaanza kupanga mahindi ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. Ni yeye aliyesema: saga vidonge, tia kwenye togwa, atapona bila kujua. Lakini si yeye aliyesaga.

Simeo alikuwa fundi pikipiki, mwenye mikono myepesi, mpaka sauti zilipoanza kumsemesha. Zilimwambia mama yako anakutilia sumu. Majirani hawakukosa majibu. Kule Kerenge mganga alimchanja chale. Kanisani walimshika mabega wakakemea pepo hadi akazirai. Zahanati ikatoa vidonge kwenye bahasha, na neno moja: ameze. Anaumwa nini, kwa muda gani, akikataa ifanywe nini, hakuna aliyeona kuwa mama muuza mayai anastahili kuambiwa. Babu yake Agripina alikuwa akisimulia mkata mkonge mmoja aliyesikia sauti, jinsi alivyofungwa kwa kamba ya mkonge alioukata mwenyewe, na karani akamnyima posho kwa kutofika kazini. Kambi zile za mkonge zimebomoka, mabosi wamekwenda zao. Ujinga ule hawakuupakia kwenye gari. Wametuachia.

Basi Agripina akasaga, kwenye kinu cha pilipili. Kila asubuhi alileta togwa, na kabla ya kumpa Simeo akaonja kwanza mbele yake, kutoa sumu, kama anavyofanyiwa mtu yeyote anayekaribishwa kikombe huku kwetu. Alionja juujuu. Unga ulikuwa umetuama chini, naye alijua.

Asubuhi moja Simeo aliona weupe ndani ya kinu. Akapitisha kidole, akalamba. Hakupiga kelele.

"Kumbe wananiambia kweli," alisema.

Kelele ingekuwa nafuu. Tangu hapo hakugusa tena chakula cha mama yake, ila yai lenye ganda.

Mchana huu, basi la abiria yule lilipoondoka, Agripina alimwachia Mwaija beseni, akapanda gari la Korogwe. Mteja mmoja alikuwa amemdokeza kwamba ndugu za wagonjwa hukutana kwenye chumba nyuma ya kliniki. Aliyewaongoza alikuwa muuguzi kijana, Husna.

"Shikamoo mama, karibu ukae."

"Marahaba."

Akawasimulia ya Simeo, na hapo ndipo aliposikia jina la ugonjwa kwa mara ya kwanza. Skizofrenia. "Ni ugonjwa wa ubongo," Husna alieleza. "Sauti anazisikia kweli, hazitungi. Hajalogwa, mama, wala hukumlea vibaya."

Wenzake walishusha pumzi waliposikia hivyo. Agripina hakuweza.

"Mimi nilimtilia dawa kwenye togwa," alisema. "Nikaonja kwanza."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya kuonja kwanza.

Mzee mmoja wa Handeni, Mhina, akakohoa. "Mimi binti yangu nilimtilia kwenye maharage. Akahamia kwa shangazi yake."

"Alirudi?"

"Nilimfuata nikamwambia nilichofanya. Hakurudi siku ile. Lakini alirudi."

Husna hakumkaripia Agripina, na hilo ndilo lililomchoma. "Tusingekuacha peke yako na bahasha usingefika huko," alisema. "Sasa mwambie ukweli. Usibishane na sauti, wala usizikubali. Vidonge avione mwenyewe. Ipo pia sindano ya mwezi, anachomwa mara moja badala ya vidonge vya kila siku. Akitaka, mje wote tuzungumze, achague. Ila akiacha kula kabisa, au akisema atajidhuru, usingoje. Mlete."

Jua lilikuwa bado juu ya milima aliporudi. Simeo alikuwa amekaa mlangoni, mgongo ukutani.

"Shikamoo," alisema, bila kumtazama. Hata sasa alikuwa hajaacha kumwamkia.

"Marahaba, baba." Agripina akaweka kwenye benchi mayai ya kuchemsha, maji, na bahasha ikiwa wazi. "Simeo, vidonge nilivitia mimi. Nilionja juu nikijua viko chini. Haikuwa sumu, lakini nilikudanganya. Nisamehe."

Simeo aliitazama bahasha.

"Wanasema ulitumwa."

"Mimi siwasikii, wewe ndiye unawasikia. Ninajua nilichofanya tu."

"Ulitumwa na nani?"

"Woga."

"Huyo simjui."

"Mimi namjua. Tunaishi naye humu ndani." Akaisogeza bahasha kando. "Korogwe kuna muuguzi. Ipo sindano ya mwezi, kama vidonge hutaki. Ukitaka twende, umuulize mwenyewe."

"Nimuulize nini?"

"Chochote. Hata mimi hakunikaripia."

Simeo aliokota yai, akaligeuza kwenye mwanga, akilikagua pande zote kama alivyozoea kukagua plagi ya pikipiki, akitafuta ufa. Chini barabarani basi lilipiga honi, na wachuuzi wakalikimbilia. Agripina hakuinuka.

Yai likasukumwa juu ya benchi, taratibu, mpaka likagusa vidole vya mama yake. Ganda lilikuwa zima.

"Menya," Simeo alisema.

Agripina akanawa mikono mbele yake. Akaligonga yai ukingoni mwa benchi, akaanza kumenya upande ule mpana, polepole, vidole vyote vikiwa mahali ambapo mwanawe anaweza kuviona.