Maili Kumi na Moja

Jumapili ya pili ya Januari 1956, Ngigi alifika shambani kwa Bwana Kofia saa nne na nusu badala ya saa nne. Alivua viatu, akaviegemeza karibu na meko, akaketi. Mkewe, Wariara, alikuwa amekwisha kuponda irio na kuzifunika zisipoe.

"Njia imeongezeka," Ngigi alisema.

"Imeongezeka kiasi gani?"

"Kama maili moja na nusu. Si mahali pamoja. Ni kidogo kidogo, njia yote."

Wariara akampa maji ya kunawa.

Ngigi alikuwa akishona magunia katika ghala la mahindi mjini Nakuru. Miaka mitatu nyuma, Hali ya Hatari ilipotangazwa, wanaume Wakikuyu walipakiwa kwenye malori na kuondolewa katika mashamba ya wazungu kule Njoro. Wanawake wa kwa Bwana Kofia waliachwa, kwa sababu pareto ilikuwa imechanua na maua hayangoji siasa. Baada ya kuhojiwa kambini kwa miezi minane Ngigi alionekana hana kosa, na kwa kuwa hakuwa na kosa alipewa pasi: kila Jumapili, Nakuru hadi Njoro na kurudi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Maili kumi na moja ni mwendo wa saa nne. Saa nne za kwenda, nne za kurudi, nne za kukaa na mke. Kuna waliokuwa na pungufu ya hapo, na Wariara hakulalamika.

Aliyelalamika ni Bwana Kofia, ambaye lori lake lilikuwa limeanza kunywa petroli kupita kiasi. Mpima ardhi akatumwa, na Kosgei, mshika mnyororo wake wa kupimia, akatembea kutoka Nakuru akiutandika mnyororo chini na kuhesabu. Alipata maili kumi na tatu. Wiki mbili baadaye akarudia, akapata kumi na nne. Alipopita kwa Wariara kuomba maji, Wariara alimpa uji na kumuuliza kunani.

"Bwana mpima anasema si Njoro peke yake, mama," Kosgei alisema. "Ni ulimwengu yote. Nyota zinaachana, na sisi pia tunaachana. Huko kwao wamejua hii maneno karibu miaka thelathini."

"Na mbona hii nyumba yangu haijaongezeka?"

"Kitu imeshikana haiachani. Nyumba imeshikana. Ng'ombe na ndama wameshikana. Lakini kitu ikishaachana kidogo, hiyo sasa inazidi kuachana."

Wariara alimwongezea uji. "Na itaisha aje?"

"Wanabishana. Wengine wanasema itaenda tu hivyo, mpaka kila mtu akae na baridi yake, asione hata moto ya jirani. Wengine wanasema ulimwengu iko na mpaka, kama shamba. Ikifika huko itageuka, na kila kitu irudi, irudi, mpaka yote itoshe ndani ya kikapu moja ya pareto."

"Na watu?"

"Watu, ng'ombe, Nakuru, yote."

"Hiyo ya kikapu ndiyo mimi nataka," alisema.

Tangu siku hiyo, kanisani, wenzake walipoomba mvua yeye aliomba mwisho wa dunia, ule wa kikapu. Hakuwa na chuki na mtu yeyote. Alikuwa amemtamani mumewe mpaka usingizi ukamkimbia, na hakuona njia nyingine ya kumpata.

Wakubwa hawakukaa bure. Ratiba ya treni iliongezwa dakika arobaini. Bwana Kofia akaongezewa petroli. Hata afisa wa pasi, alipokuja Njoro kikazi, alianza kulala huko huko kwa sababu ya urefu wa safari. Ngigi alipokwenda kumwomba pasi ya siku mbili, afisa huyo alitandaza ramani mezani, akaweka rula.

"Maili kumi na moja," alisema. "Hiyo ni saa nne. Hizo zingine unataka za nini?"

Ramani ilikuwa imepigwa chapa mwaka wa 1948, vitu vilipokuwa bado vimekaribiana. Ngigi alimweleza habari za mnyororo wa Kosgei. Afisa alimjibu kwamba ripoti ameisoma, na ni kazi safi kabisa. Pasi ikabaki ilivyokuwa.

Mwezi wa Juni Ngigi alifika nyumbani saa sita kasorobo. Ilimbidi aondoke saa sita. Alikula akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya tumbo la Wariara, aliyekuwa na mimba ya miezi miwili. Muda ulipofika Wariara alimpa kibuyu cha uji wa njiani, kisha akapisha mlangoni, mikono nyuma, kama alivyofundishwa na mama yake: msafiri hashikwi, ukimshika unamfungia njia. Maneno ya Kosgei kuhusu vitu vilivyoshikana Wariara alikuja kuyakumbuka wakati Ngigi amekwisha kuvuka uzio. Adabu ile aliijutia kuliko dhambi zake zote.

Ngigi hakuingia tena katika nyumba ile. Jumapili zilizofuata Wariara naye alitoka kumpokea. Masinde, nyapara wa shamba, alimruhusu kwenda baada ya kuita majina asubuhi, mradi jioni yakiitwa tena awepo. Walikutana kwenye kalvati ya reli, katikati ya njia. Mwanzoni walikaa kwa saa tatu, baadaye mbili. Januari alizaliwa mtoto wa kike, akaitwa Wachuka, jina la mama yake Ngigi, kama ilivyo desturi, na kwa hiyo Ngigi akawa akimwita mama. Kuanzia Juni, mtoto alipoweza kustahimili safari, Ngigi alimbeba pale kalvatini Jumapili kumi na moja.

Jumapili moja ya Julai mtoto alikuwa na homa, akilia, na Ngigi akakaa naye mpaka akanyamaza. Alifika Nakuru amechelewa dakika arobaini. Alifungiwa siku kumi na nne na kuambiwa kwamba siku nyingine ni kambini moja kwa moja, na huko hakuna Jumapili. Baada ya hapo hakuchezea hata dakika.

Septemba hawakukutana. Ilipofika saa sita Wariara, mtoto mgongoni, alimwona mumewe ng'ambo ya tambarare, shati jeupe tu. Shati lilisimama. Ngigi alipeleka mikono mdomoni akaita, na Wariara hakusikia kitu. Kisha wote wawili wakageuka, maana saa ilikuwa imefika.

Jumanne, saa nne asubuhi, Wariara akiwa anachuma pareto pamoja na wenzake, sauti ya Ngigi ilifika.

"Mama ameota meno mangapi?"

Masinde alikuja mbio akauliza ni nani ameingiza mwanaume shambani.

"Ni baba Wachuka," Wariara alisema. "Aliongea Jumapili."

Masinde alitazama huku na huku. Aliona kwamba mgeni hayupo, ni sauti tu, na sauti haihitaji kibali. Akawaambia waendelee kuchuma. Wariara aliweka kikapu chini, akageukia upande wa Nakuru.

"Mawili," aliita. "Ya chini."

Waliendelea hivyo. Sauti ya Jumapili ilianza kufika Jumamosi, halafu baada ya wiki tatu. Ngigi aliulizia homa ambayo Wariara alikuwa ameisahau. Kila jioni Wariara alimwekea chakula chake kwenye bakuli, na kila asubuhi alikila yeye mwenyewe, kikiwa baridi.

Desemba, Kosgei alipita tena na mnyororo wake. Alikuwa amekonda.

"Ukisema kitu leo, mama," alisema, "kwa hesabu yangu atasikia baada ya miaka sita."

"Na ulimwengu haijafika kwa mpaka?"

"Bado."

"Haijageuka hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Wariara alimshukuru. Jumapili iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, afisa mjini Nakuru aligonga muhuri kwenye pasi ya Ngigi, Nakuru hadi Njoro, maili kumi na moja, na Ngigi akashika njia. Saa ile ile Wariara alisimama mwisho wa pareto, akapiga hesabu kwa vidole, akarudia asije akakosea. Kisha akaita kwa nguvu zake zote.

"Baba Wachuka! Mama ameingia shule. Anajua kuandika jina lako. Chakula chako nimeweka."

Wachuka alikuwa amelala mgongoni. Alikuwa bado hajaanza kusimama.