Nguruwe wa Desemba

Mtu aliyeandika kwamba Herminio Quiles ni roho ya kila sherehe alikuwa amewahi kukaa kwenye ua wa Awilda, akala, akashiba, akafungiwa na cha kwenda nacho nyumbani. Hilo Awilda hakuwa na shaka nalo. Alichotaka kujua ni jina.

Barua ilifika mjini kwao Yauco, Puerto Riko, wiki moja baada ya Pasaka, kutoka ofisi ya Marekani ya wanajeshi wa zamani. Ilikataa ombi la mumewe Herminio la malipo ya ulemavu kwa sababu ya sonona, ile iliyomrudisha kutoka Iraki na mikono miwili, miguu miwili, na nusu ya yule mwanamume aliyeondoka. Walieleza kwa upole wa kiofisi kwamba mtu anayemfahamu mwombaji kwa karibu ameshuhudia kuwa ni mchangamfu, kwamba kila Desemba huchoma nguruwe mzima kwa ajili ya mtaa, na huimba mpaka majirani wanamwomba apumzike. Mtu wa namna hiyo, walisema, hawaoni kinachomzuia kufanya kazi.

Kazi ya ulinzi ghalani Herminio alikuwa ameiacha mwaka juzi, siku walipomkuta amejifungia stoo na funguo zote mfukoni. Sasa rufaa ilikuwa imekatwa, na jaji angemsikiliza kwenye skrini mwezi ujao. Akishindwa, nyumba inakwenda benki, na ule ua pamoja nayo.

"Kuna mkono wa mtu hapa," Awilda alimwambia dada yake Nereida kwenye simu. Alipokwisha kulisema akakata simu, maana Nereida naye alikula nguruwe yule. Tena ni Nereida aliyewahi kutamka, mbele za watu, kwamba mgonjwa wa kweli hachezi dansi.

Akaanza kuwahesabu moyoni. Kulikuwa na Bi Carmín wa ng'ambo ya barabara, ambaye pazia lake halijawahi kulala sawasawa tangu mumewe afe. Kulikuwa na kijana wa mita za maji, aliyekuja mara mbili ndani ya mwezi mmoja na kuuliza lile shimo la kuchomea nguruwe pale uani ni la nini. Awilda alimjibu ni kaburi la mbwa. Kijana akatoa pole, na pole yenyewe Awilda akaitilia mashaka.

Nyumba ile haikujua upweke. Jumapili ilikuwa haikosi watu wanane wa domino, na wengine wanane wa kuwacheka wanaoshindwa. Jumapili ya kwanza baada ya barua, Awilda alifunga geti na kusema bomba la maji machafu limeziba. Ya pili akasema Herminio ana mafua, na Herminio wa watu amesimama dirishani anaonekana na mtaa mzima. Bi Carmín alipoleta sahani ya wali wa mbaazi kumpa pole mgonjwa, Awilda aliirudisha vilevile ilivyokuja, haijafunuliwa. Kufikia jioni habari ya sahani hiyo ilikuwa imeshashuka mpaka uwanja wa kanisa, imetiwa chumvi, imeongezewa na matusi ambayo hakuna aliyeyatoa.

Aliyefunguliwa geti alikuwa mmoja tu, Eliezer Maisonet. Huyu aliendesha lori moja na Herminio kule jangwani, mpaka leo humwita Sajini, na ndiye aliyemshika binti yao kwenye ubatizo. Hata barua ya shahidi katika ombi la kwanza ni yeye aliyeiandika. Aliifunga mwenyewe, akalamba bahasha, akasema mambo ya kikosi hayasomwi na kila mtu. Awilda aliona ni heshima.

Na Eliezer hakumwacha peke yake katika msako. Alikuja karibu kila siku, akanywa kahawa, akawachambua watu mmoja mmoja kama dagaa.

"Shemeji, mimi namwona yule wa mita," alisema. "Viatu vyake vile si vya mtu wa maji."

"Na Carmín?"

"Carmín usimtoe. Mweke pembeni kwanza."

Herminio alikuwa akiwasikiliza kutoka kwenye kiti chake, haungi mkono wala hapingi.

Siku nane kabla ya jaji, Bi Ivelisse Toro alipiga simu. Alikuwa mwanamke wa pale manispaa anayewasaidia wanajeshi wa zamani na makaratasi yao, na nakala ya faili lote ilikuwa imemfikia. Eliezer ndiye aliyewapeleka, kwa kuwa Herminio siku hizi hashiki usukani. Wote watatu wakajibana mbele ya meza moja. Awilda hakungoja hata kuulizwa habari za nyumbani.

"Nipe jina tu, Bi Ivelisse. Mengine nitayamaliza mwenyewe."

Bi Ivelisse alifunua kurasa, akasimama kwenye moja, akaisoma hadi chini. Kisha akainua macho, akampita Awilda, akampita Herminio.

"Bwana Maisonet, hii sahihi ni yako?"

Eliezer aliinama akatazama. Uso wake ulichangamka kama wa mtu aliyeonyeshwa picha yake ya ujanani.

"Ni yangu. Nimemsifu vizuri, eeh?"

Eliezer alimtazama Awilda akiivuta ile karatasi na kuisoma. Uchangamfu ukamtoka kidogo kidogo.

"Ulitaka niandikeje?" alimgeukia Awilda. "Kule jeshini, mwenzako akiandikiwa barua, inakwenda kwa kanali, anapata nishani. Huwezi kumvua Sajini nguo kwenye karatasi ya serikali."

"Umekunywa kahawa yangu wiki tatu, shemeji, tunamsaka mchawi."

"Nilikuwa nakusaidia kumtafuta."

Bi Ivelisse aliweka kidole kwenye mstari wa nguruwe. Alitaka kujua jambo moja: nguruwe mwenyewe, anayemchoma hasa ni nani?

Eliezer akatazama feni. Awilda akatazama mkoba wake. Jibu walilijua wote wawili, kila mmoja kwa kipande chake. Herminio huchimba shimo na kuwasha moto, hilo ni kweli. Lakini mafuta yakianza kudondoka na ngozi kutoa harufu, huondoka bila kuaga, akaingia kwenye gari lake nyuma ya nyumba, akapandisha vioo. Anayemgeuza nguruwe mpaka alasiri ni Eliezer. Na wageni wakiuliza, Awilda huwaambia mume wake amekwenda kununua barafu. Umekuwa utani wa mtaa, kwamba Yauco nzima hakuna anayechelewa na barafu kama Herminio.

Uongo ule Eliezer aliuandika kwa kalamu mara moja. Awilda alikuwa akiutoa kwa mdomo kila Desemba, pamoja na soda.

"Na kuimba je?" aliuliza Bi Ivelisse. "Hapa ameandika anaimba."

"Anaimba," Eliezer alisema kwa sauti ndogo. "Anaimbia mle ndani ya gari. Kwa nguvu."

Bi Ivelisse alichomoa karatasi nyeupe, akamsogezea Eliezer pamoja na kalamu. Akamwambia aandike alichokiona kwa macho, asiongeze wala kupunguza, na jaji asome. Eliezer aliishika kalamu kama mtu aliyepewa sindano amchome mwanawe. Aliandika jina lake, mwaka wa Iraki, nambari ya kikosi. Alipofika kwenye gari akasimama.

"Sajini," alisema, "niandike kwamba unalia?"

Herminio alitikisa kichwa.

"Andika naimba," alisema. "Halafu andika kwa nini. Ulikuwepo lori la mbele lilipoungua, unajua ile ilikuwa harufu ya nini." Akafikiri kidogo. "Na andika sijawahi kumla yule nguruwe. Hata Desemba moja."

Awilda aligeuka kwenye kiti. Miaka yote hiyo sahani ya kwanza ilikuwa ya mumewe, sikio na shavu, na Eliezer ndiye aliyeipeleka kule nyuma. Ilirudi nyeupe, haina hata mfupa.

"Sasa sahani yako huwa inaliwa na nani?"

Kalamu ya Eliezer ilisimama hewani.

"Hilo nalo niandike?"

"Andika yote, shemeji," alisema Awilda. "Na safari hii utanisomea kabla hujalamba bahasha."