Glavu za Darta

Bibi arusi alitangulia akiziweka, mama mkwe akafuata akiziokota. Ndivyo mke anavyopokelewa katika jimbo la baridi la Kurzeme, na asiyekuja na sanduku la glavu za sufu alizozifuma mwenyewe tangu utotoni, afadhali abaki kwao. Zelma alitundika jozi moja kwenye pembe ya ng'ombe, akaweka nyingine ukingoni mwa kisima, nyingine juu ya mzinga wa nyuki. Trine alizitia kwenye aproni yake, huku wageni, ambao walikwisha kugawiwa zao, wakishangilia.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" alipaza sauti mwendesha farasi, bia imeshampanda kichwani. "Trine, umepata mkwe mwenye mikono ya dhahabu. Hebu ona yangu hii!"

Trine akaona. Msuko wa ukingoni ulilala kushoto. Wanawake wote wa pale huulaza kulia, isipokuwa mmoja aliyefuma kwa mkono wa kushoto: Darta, binti yake, aliyekufa kwa kifua kikuu akiwa tayari ana mchumba. Akatazama ndani ya aproni. Zote zililala kushoto.

Sanduku la Darta lilikuwa darini, limefungwa tangu mazishi. Trine alimvuta bwana arusi, mwanawe Jekabs, hadi nyuma ya ghala.

"Nani kakupa ufunguo?"

Jekabs alikuwa na suti mpya na uso wa mtoto aliyevunja chungu. "Baba. Nisamehe, mama. Zelma hajui kufuma. Tangu mdogo yuko kwa watu anaosha vyombo, nani angemfundisha? Ungempokea mikono mitupu?"

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomchoma zaidi. Mumewe, Indrikis, akatokeza kichwa pembeni mwa ghala.

"Trine, yaliyopita si ndwele. Maiti hasikii baridi. Rudi ukaokote, watu wanatazama."

Miaka thelathini alikuwa amelala kitanda kimoja na mtu huyu, na siku hiyo alimchukia.

Neno moja tu lingetosha. Zelma angerudishwa alikotoka kabla ya chakula, na kicheko kingemfuata mpaka uzeeni. Trine alilishika neno lile ulimini. Lakini Jekabs ndiye mtoto pekee aliyebaki naye, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Akarudi, akaokota mpaka jozi ya mwisho.

Zile alizookota zilikuwa zake kwa desturi, akazirudisha darini. Za wageni zilikuwa zimekwenda. Baridi ilipoingia, kazi ya Darta ilitapakaa kijiji kizima. Mwendesha farasi alizitumia zake kuzolea mbolea. Mchungaji wa kanisa alitumia zake kupengea kamasi, Mungu amsamehe. Na kila aliyekutana na Trine njiani alimsifia mkwe.

"Fundi yule! Umebahatika, mama."

"Nimebahatika," alijibu Trine, akapita.

Asubuhi moja ya theluji Zelma alikuja jikoni, mimba imeanza kuonekana, mkononi kashika donge la uzi na sindano. Alipiga magoti karibu na jiko.

"Mama, najua kwamba unajua. Sijalala raha hata siku moja tangu harusi. Nifundishe, tafadhali. Nataka mtoto avae kitu nilichomfumia mimi."

Trine alimtazama. Msichana alikuwa na vidole virefu, vyepesi, vidole vya kufundishika. Angeweza kuvishika sasa hivi na kuvionyesha jinsi ya kuanza. Alijua hivyo, na moyo wake ukakataa katakata.

"Nikufundishe nini, mkwe wangu? Wewe si fundi? Kijiji kizima kinakusifu."

"Mama, nakuomba."

"Basi mtoto mvishe hizo sifa," alisema Trine, akaendelea na ufumaji wake.