Bonge la Fundi Koki

Kwa miaka thelathini ya kuzibua mabomba, Fundi Koki hakuwahi kupata mteja mkweli. Wote husema limeziba lenyewe. Yeye huinama, huingiza waya, akatoa soksi, kijiko, wigi, na siku moja nusu ya meno ya bandia, mwenyewe kasimama pale pale, mdomo kaufumba. Koki hakugombana na mtu. Alinawa mikono, akaenda zake.

Asubuhi hiyo alikuwa amelazwa hospitalini, mpira wa hewa puani, anahema kama aliyekimbizwa na mbwa, na lililoziba lilikuwa pafu lake. Daktari, binti wa rika la kitinda mimba wake, alimweleza taratibu. Bonge la damu lilijitengeneza kwenye shavu la mguu, likasafiri na damu mpaka mapafuni, likakwama. Moyo unasukuma, damu haipiti, presha inashuka.

Njia zilikuwa tatu. Kwanza, sindano na baadaye vidonge vya kuzuia damu isigande. Haviyeyushi bonge, ila vinalizuia lisikue, mwili ulimalize wenyewe polepole. Pili, dawa kali ya kuliyeyusha, ya haraka, ila huweza kumvujisha mtu damu mahali pengine, hasa penye jeraha. Tatu, kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi pafuni na kulivuta. Koki alisikiliza kama fundi mwenzake daktari aliyeombwa ushauri. Kungoja, kumwaga dawa, kuingiza waya: kumbe watu wamesomea miaka yote hiyo kazi yake.

Daktari alisema kwa presha ile angependelea ya pili, tena sasa hivi. Ila kwanza: amewahi kutapika damu? Amepasuliwa karibuni? Ameanguka, amegonga kichwa?

Mkewe alikuwa kando ya kitanda, mkoba mapajani, anamtazama.

"Hakuna," alisema Koki. "Imetokea tu yenyewe."

Siku kumi nyuma alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa akifunga tangi la mteja. Alizimia, haijulikani dakika ngapi, maana aliyezimia hatazami saa. Mwaka uliopita mkewe alikuwa amemwapisha asipande paa tena, naye akaapa. Basi akarudi nyumbani na nundu, akadai kajigonga mlangoni na mguu umeteguka ngazini, akalala nao wiki nzima. Kauongo kadogo ka kulinda amani ya nyumba. Wanaume, jamani.

Mikono yake ilikuwa haina nguvu, kwa hiyo fomu ya kukubali dawa alipewa mkewe. Alifungua kalamu, akaanza kusoma kila mstari, maana mama huyu hata boksi la kiberiti hulisoma lote. Mficha maradhi kilio humfichua, na Koki alianza kukisikia kilio chenyewe. Alijua dawa kali hufanya nini kwenye bomba lenye ufa. Aliogopa, na safari hii hakumwogopa mkewe.

"Daktari," alisema, pumzi ikikatika. "Nilianguka. Kutoka kwenye paa. Niligonga kichwa, nikazimia."

Daktari aliichukua fomu mikononi mwa mama, akaikunja. Alisema dawa ile haimgusi tena. Apigwe picha ya kichwa kwanza, na mrija uandaliwe. Hakumgombeza. Alitoka mbio kupiga simu.

Koki akasubiri yake. Alikuwa amejiandaa kwa makelele, kwa machozi, hata kwa kuitiwa shemeji zake wote. Mkewe alikuwa bado ameshika kalamu.

"Ningetia sahihi," alisema.

"Mama watoto..."

"Ningetia, baba. Halafu ningekuzika, watu wanipe pole, na mimi nikae miaka yangu yote nikijua ni kalamu yangu iliyokuua."

Wahudumu walikuja kusukuma kitanda. Mkewe aliinuka, akamfunika miguu vizuri, akatembea kando yake mpaka chumba cha picha, kamshika mkono.