Mkeka Kati ya Mapipa

Jumanne ile Théophile alipoanguka darasani, somo lake la kemia lilikuwa bado ubaoni, na nyumbani mapipa yake sita yalikuwa yametiwa majivu asubuhi hiyohiyo. Presha ndiyo iliyomuua, daktari alisema. Watu wa mtaa walisema ni mapipa.

Ndani yake mlikuwa na maji meusi yanayochuruzika chini ya jalala la mji. Théophile aliyateka kwa bidoni la plastiki, akayatia majivu, kisha chumvi ya haluli kutoka Kigoma na maji ya mifupa iliyochomwa. Chini ya pipa palituama mchanga mweupe, mbolea. Kijiko kimoja shinani, lengalenga, mchicha wa kwao, inanenepa. Kwa miaka miwili mkewe, Angélique, alichuja mchanga huo pamoja naye.

Sasa alikuwa ameketi kilioni. Katika ukoo wa mumewe, mjane hauachi mkeka mpaka siku ya saba. Siku ya pili baada ya maziko, harufu kali kama ya mkojo ikamchoma puani. Aliijua. Majivu yalikuwa yakiirusha mbolea hewani, na hakuna aliyetia chumvi kuinasa. Kazi ya mwisho ya mikono ya Théophile ilikuwa inapotea.

Akasimama.

"Mama Reine, unaenda wapi?" wifi yake Clémence akauliza.

"Kwenye mapipa."

"Jamani! Muntu hata udongo wake haujakauka, wewe unawaza maji ya takataka!"

Nje, Mbuyu, mdogo wa marehemu, alishaliinamisha pipa la kwanza.

"Haya maji njo yaliua kaka yangu. Nayamwaga yote."

"Yaliua? Na wewe uliyekula lengalenga yake kila Jumapili, mbona ungali hai unapiga kelele?" Angélique akamuuliza.

Mtu akacheka upande wa wanaume, kisha akajikohoza.

"Rudi mkekani, shemeji. Ukoo utasema nini?"

Angélique akarudi ndani. Mbuyu akashusha pumzi. Lakini Angélique alitoka tena na mkeka begani, akautandika katikati ya mapipa, akaketi.

"Mkeka huu hapa, na mimi niko juu yake. Mwaga sasa, Mbuyu. Unimwagie na mimi."

Mbuyu akalisimamisha pipa, akaliachia.

"Wifi, niletee ile chumvi na ndoo ya maji ya mifupa. Mimi siruhusiwi kuondoka mkekani."

Clémence alivileta, akavibwaga chini. Angélique akakoroga pipa moja baada ya jingine, machozi yakimtiririka, wala hakuyapangusa.

Siku hizi anachuja kila Jumatatu na Ijumaa. Mbuyu hamsalimii.